Mrejesho: Flawfinder kwenye programu ya risiti

Wakuu, habari za jioni. Niliuliza namna ya kusaka mianya ya usalama kwenye programu ya lugha ya C inayochapa risiti za duka Kariakoo, mkanishauri Flawfinder, zana inayosoma msimbo na kuonyesha sehemu zenye hatari. Mrejesho ndio huu.

Amri ni `flawfinder --minlevel=4 src/`. Ngazi za hatari ni 0 hadi 5. Anza na za juu. Ikaibuka hii:

`char jina[32]; strcpy(jina, ingizo);`

Hapo strcpy inanakili `ingizo` ndani ya `jina`, safu ya baiti 32, bila kuangalia kama linatosha. Jina la mteja likifika baiti 32 tu, sifuri inayoonyesha mwisho wa maandishi inaangukia nje ya safu. Kubadili kuwa strncpy, inayowekewa kikomo cha baiti, hakutoshi, maana nafasi ikijaa haiweki sifuri hiyo. Dawa ni `snprintf(jina, sizeof jina, "%s", ingizo)`, kisha kagua jibu lake, yaani urefu wa jina zima: likiwa 32 au zaidi, jina limekatwa, likataeni. Angalizo kubwa: ndani ya fanksheni iliyopokea `char *jina`, sizeof inatoa ukubwa wa pointa (anwani ya kumbukumbu) badala ya safu, yaani baiti 8 kwenye mashine ya biti 64.

Flawfinder inatazama majina ya fanksheni, haifuatilii data inakopita. Kitanzi kinachoandika nje ya safu kinapita kimya kabisa. Hicho kinanaswa ukikompaili kwa `-fsanitize=address -g`, inayoweka ukaguzi wa kumbukumbu ndani ya programu, na kuiendesha programu kwa maingizo marefu.

Asanteni sana, wakuu.