Kaske ya waya, ekutere za ndani ya sikio ao Bluetooth? Niko na dola 120 (Lubumbashi)

Kamalondo_Gita
Jambo kwenu wote. Kuna ndugu anasafiri, anarudi mwisho wa mwezi, na amekubali kunibebea kitu kimoja katika sanduku lake. Niko na dola 120.

Nilianza kama wengi wetu: ekutere zilizokuja na telefone, kisha zile za barabarani zinazokufa upande mmoja. Siku moja rafiki akaniazima kaske yake ya studio, ile ya kufunika masikio. Nikaweka rumba ya zamani ninayoijua tangu utoto, na pale katikati ya gita la solo na la ritmi nikasikia gita la tatu, mi-solo, linatembea njia yake peke yake. Miaka yote lilikuwa humo, na mimi sijawahi kulisikia! Tangu hapo nasoma tu habari za kaske.

Naangalia Sony MDR-7506, ao Audio-Technica ATH-M50x nikiongeza kidogo, ao Moondrop Chu II halafu pesa inayobaki nifanyie kingine, ao kaske ya Bluetooth yenye kuzima kelele. Nichukue gani?

Katuba2
Ndugu, hujasema kitu. Telefone yako iko na tundu la jaki? Unasikilizia wapi, nyumbani ao ndani ya taksi-basi? Muziki unatoa wapi? Bila hayo kila mtu atakuuzia yake.

MamaKipindi
Chukua 7506, mwanangu. Ninafanya kazi ya redio, na hiyo kaske nimeikuta studio kila nilipopita. Ilitoka 1991 na bado inatengenezwa vilevile. Ina omu 63 tu (ukinzani wa umeme ni mdogo), telefone yoyote yenye tundu inaisukuma. Sauti ya mtu inasikika wazi mpaka unajua mtangazaji amesogea mbali na maikrofoni. Ubaya wake ni mito ya masikio, ngozi yake inabanduka, na waya wa kujikunja hauchomoki. Ila mito ya kubadilisha inapatikana, na mimi nimeshaibadilisha.

Polytech_Unilu
Heshima zangu Mama, lakini 7506 ni chombo cha kutafutia makosa. Sauti za juu ni kali. Ukisikiliza saa mbili matoazi na maraka vinakuchosha. Chu II ni karibu dola 20, waya unachomoka, na sauti yake iko karibu na ile ambayo wasikilizaji wengi walichagua katika utafiti wa Sean Olive na wenzake pale kampuni ya sauti ya Harman. Ongeza ekwalaiza ya bure kwenye telefone, ile programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, dola 100 zinabaki mfukoni.

MamaKipindi
Matoazi yakiwa makali kwenye rekodi, nataka niyasikie makali.

Yaya_Likasi
Ninyi wote munamupeleka mtoto mahali padogo. Muziki unataka kaske wazi, yenye mgongo unaopitisha hewa. Sennheiser HD 600, ya tangu 1997. Gita linatoka nje ya kichwa, linakaa pale mbele yako. Akusanye pesa, angojee.

Fundi_Ruashi
Yaya, HD 600 ni omu 300. Bila ampli, yaani kikuza sauti, telefone itaiimbisha kwa sauti ya mgonjwa. Na bei yake inapita dola 120 mbali sana. Halafu kaske wazi inaingiza kila kitu: jenereta ya jirani, jogoo, watoto, mahubiri ya ngambo ya barabara. Tusimwambie mtu angoje miaka miwili.

Mwana_Kampemba
Naomba niseme juu ya Bluetooth, maana hakuna aliyegusa na ndiyo iliyoniumiza.

Nilinunua kaske ya kuzima kelele hapa mjini, kwa muuzaji mwenye duka la vioo na risiti yenye muhuri. Kartoni nzuri, plastiki imefungwa, kitabu cha lugha nyingi. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya intaneti, si chini sana, na hapo ndipo ujanja ulipo, maana bei ya chini sana ingenishtua. Nyumbani nikabonyeza kitufe cha kuzima kelele, taa ikawaka. Jenereta ya jirani ikaendelea kunguruma palepale. Nikazima, nikawasha, hakuna tofauti hata kidogo. Taa ilikuwa taa tu.

Nikapakua programu ya kampuni yenyewe. Ikatafuta, ikatafuta, haikuiona kaske, ingawa telefone inacheza nayo muziki vizuri. Namba iliyoandikwa kwenye kartoni na ile ya ndani ya kaske hazikufanana. Besi ilikuwa nene, imefunika sauti ya mwimbaji kabisa. Niliporudi dukani, muuzaji akasema kelele za Lubumbashi ni nyingi kuliko za Ulaya, kaske haiziwezi. Alisema hivyo mbele ya wateja wengine, na wengine wakakubali! Pesa sikurudishiwa. Ile ilikuwa pesa ya kazi ya mwezi mzima, na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kama ndugu yako ananunua huko nje, dukani kwa wakala wa kampuni, Bluetooth ni sawa. Hapa mjini, usitoe hata franka kabla ya kuwasha kitufe karibu na injini na kuona programu imeitambua.

Fundi_Ruashi
Pole sana ndugu. Na huyo muuzaji alikudanganya mara mbili. Mngurumo wa jenereta, wa chini na usiobadilika, ndio kaske ya kweli inauzima vizuri kuliko kelele nyingine zote. Sauti za watu ndizo zinazoishinda.

Kamalondo_Gita
Asanteni, na pole Mwana_Kampemba. Majibu: telefone yangu haina tundu, ni USB-C tu. Nasikiliza usiku watoto wakilala, na asubuhi ndani ya taksi-basi. Muziki wangu mwingi ni rumba na magita ya zamani ya Katanga, naupata YouTube.

Katuba2
Sasa njo umesema! Bila tundu, kila kaske ya waya unaongeza adapta. Ile ndogo ya Apple ya USB-C ni nzuri kwa bei yake, mais kwenye Android mingi sauti inatokaka chini. Uliza kwanza modeli yako.

Polytech_Unilu
Na kwa taksi-basi, ekutere za ndani ya sikio zinashinda. Ukipata vikofia vya silikoni vinavyokutosha zinaziba kelele bila betri, na hakuna anayekuangalia. Besi ikipotea ujue vikofia ni vidogo, si ekutere mbaya.

Mwana_Kampemba
Ndani ya taksi-basi unataka pia kumsikia konvayeri (konda).

Yaya_Likasi
Magita ya Katanga ya YouTube? Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wetu, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, hapa kwetu Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville. Maikrofoni, gita, sauti, basi. Ile ni mono. Hakuna kushoto wala kulia. Kaske ya sterio ya kampuni ya Koss ilikuja 1958!

Polytech_Unilu
Basi Yaya, HD 600 yako ya gita kukaa mbele itafanya nini na mono?

Yaya_Likasi
Itafanya kazi kubwa. Kwa mono unasikia mkono. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinacheza juu yake, na unasikia kila ukucha unapogusa waya. Kaske mbaya inachanganya vile viwili unadhani ni watu wawili wamekosana. Mimi ni mpiga gita, nimejifunza kwa kusikia, si kwa kuonyeshwa.

MamaKipindi
Hapo nakuunga mkono, Likasi. Ila zile za YouTube nyingi zimetoka kwenye kaseti iliyokopiwa juu ya kaseti. Kaske yoyote ya dola 120 itamwonyesha ule mchakacho kwanza. Atafute kopi safi kabla ya kaske.

Katuba2
Na asisikilize kwa nguvu usiku. Shirika la Afya Duniani linasema kwa desibeli 80 mwisho ni saa 40 kwa wiki. Ukifika 90 ni saa 4 tu. Rafiki yangu wa mgodini masikio yanalia fiii hata kanisani.

Kamalondo_Gita
Mumenigeuza kichwa. Sasa nafikiria Chu II na adapta kwa ajili ya taksi-basi, halafu 7506 kama ndugu atakubali viwili ndani ya sanduku. Lakini nikijumlisha, 120 haitoshi. Yaya_Likasi, hizo rekodi za Bosco uko nazo safi?

Yaya_Likasi
Niko nazo kwenye CD. Uko na kitu cha kusoma CD?

Fundi_Ruashi
Mulete kwangu Ruashi, niko na kompyuta yenye mlango wa CD. Tutazitoa kwa FLAC, faili lisilopunguza sauti.

Polytech_Unilu
FLAC ya nini? MP3 ya 320, iliyobanwa kidogo, inatosha, hakuna hapa atakayezitofautisha.

Yaya_Likasi
Kijana, kuja Jumamosi na masikio yako.

Mwana_Kampemba
Fundi, ukiwa hapo: mjomba wangu yuko na kaske ya waya, upande wa kushoto unakatika karibu na jaki. Unatengenezeka, ao nimwambie anunue waya mpya?