Inhela (pampu ya pumu) ya mtoto inafungiwa kabatini shuleni, nyie mnafanyaje?

mama_wawili_dom: Habari zenu jamani. Kijana wangu yuko la tatu, ana pumu tangu ana miaka minne. Nyumbani hana neno, shida ni shule. Asubuhi mchakamchaka, wakitoka hapo wanafagia, na Dodoma miezi hii ya upepo vumbi lake mnalijua, watoto na fagio za chelewa humo humo darasani bila hata kunyunyiza maji. Juzi kabanwa saa nne, inhela iko kabati la ofisini, mwalimu mwenye funguo kaenda benki!! Kakaa karibu nusu saa anahema mabega juujuu mpaka baba yake akafika na boda. Mwalimu mkuu anasema dawa zote zikae ofisini maana watoto wataichezea, na kwa hilo simbishii, mwezi wa tano niliikuta imeisha kumbe walikuwa wanapuliziana kama pafyumu 🤦‍♀️ Sasa nifanyeje, nimuhamishe?

chaki_mkononi: Pole sana dada. Mimi ni mwalimu wa msingi, nikwambie ukweli tunaogopa. Darasa lina watoto themanini, mmoja kabanwa, umeshikilia dawa hujui ni mara ngapi, akikufia mkononi utamwambia nini mzazi? Kuna mama alikuja kwangu na karatasi moja tu kaandika kwa mkono, dalili zake hizi, fanya hivi, namba za simu tatu, nikaigundisha nyuma ya daftari la mahudhurio. Inhela inakaa kwenye mkoba wangu, nikitoka naiacha kwa wa darasa la jirani. Kufagia tukahamishia jioni, ubao tunafuta kwa kitambaa kibichi. Anza na mwalimu wa darasa, mkuu utamfuata baadae. Usihame, vumbi utalikuta na huko.

mzee_wa_kibaigwa: Mi naona hizo pampu mnawazoesha watoto tu, akishaizoea haachi mpaka uzeeni. Mpe vidonge.

nesi_zamu_ya_usiku: Mzee wangu shikamoo, ila hapo hapana. Pampu haina uteja. Kidonge kinazunguka mwili mzima ndo kifike kifuani, mtoto anatetemeka mikono, moyo unamwenda mbio na bado kabanwa.

Mama wawili, swali. Anatumia inhela ya bluu, ile ya kufungua kifua akibanwa, peke yake? Kama anaihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki basi pumu yake haijatulia, muulize daktari kuhusu ile ya kuzuia, mara nyingi ni ya kahawia, inavutwa kila siku hata akiwa mzima. Hiyo unampa nyumbani asubuhi na jioni akimaliza anasukutua, shule haihusiki. Na mwambie daktari habari ya mchakamchaka, wengine hupewa ya bluu robo saa kabla ya kukimbia.

Akibanwa: akae wima, ASILAZWE, wenzake wasimzonge. Itikise, mpulizo mmoja avute pumzi nne, tena mmoja, mpaka ifike minne. Subiri dakika nne, hakuna nafuu rudia. Bado? Hospitali, na njiani mnaendelea kumpa. Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani au midomo imekuwa ya bluu, msisubiri chochote, mnampa huku mnaondoka.

Mtoto wa umri huo avutie kwenye spesa, yaani kichupa kinachochomekwa kwenye inhela ili dawa ikae humo kabla hajaivuta, akipuliza moja kwa moja mdomoni dawa nyingi inaishia kooni. Kama bei inakushinda chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la umbo la mdomo wa inhela, ichomeke, ziba pembeni kwa gundi isivuje, mtoto anavutia pale kwenye mdomo wa chupa. Madaktari wa Cape Town waliijaribu kwa watoto miaka ya 1990, ikafanya kazi kama ya dukani.

kifua_filimbi: Nimekua na pumu, nilisoma bweni. Watu wazima hawajui kuwa mtoto ANAFICHA. Mimi waliniita injini mbovu, basi nikibanwa naenda kujikunja nyuma ya choo nisionekane, mpaka leo nikisikia harufu ya dettol nakumbuka. Msimtoe michezoni kabisa, akae golini hata, ila asikae chini ya mti peke yake kila siku wenzake wanacheza.

mama_wawili_dom: Jamani asanteni mno. Nesi, ni bluu tu, miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kuna nyingine 😔 Alhamisi naenda naye kliniki. Mwalimu wa darasa kakubali kukaa nayo na karatasi kaibandika. Kufagia jioni wamekubali, mchakamchaka mkuu anasema tutaona. Chupa tumetengeneza jana kwa msumari wa moto, ya kwanza ikayeyuka yote, ya pili imekaa sawa, mwenyewe kaichora macho anaiita samaki. Naioshaje?

nesi_zamu_ya_usiku: Maji ya sabuni mara moja kwa wiki, toa inhela kwanza. Usiifute ndani kwa kitambaa, iache ikauke yenyewe. Na inhela nyingi za bluu zina mipulizo 200, hesabu, usingoje iishe akiwa shule.