G shapu na A flati ni kitufe kimoja, kwa nini niambiwe nimekosea?

Kinanda_Moro:
Wakuu, heshima kwenu. Napiga kinanda kwaya ya parokia hapa Morogoro, mwaka wa tatu sasa. Nimekulia kwenye solfa, ile ya doh, re, mi. Noti za mistari mitano najifundisha mwenyewe. Juzi nimenakili wimbo wetu wa Kwaresima, uko kwenye ufunguo wa A maina. Penye kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E meja, kabla wimbo haujatua, nikaandika E, A flati, B. Mwalimu akaikata A flati kwa kalamu nyekundu, akaweka G shapu. Kwenye kinanda si kitufe kile kile cheusi? Nimebonyeza mara kumi, sauti ni moja. Naomba mnieleweshe, sitaki kukariri tu.

Mama_Solfa:
Mwanangu, rudi kwenye solfa yako. Pale uliponakili paliandikwa "se", sivyo? Doh ni C, kwa hiyo so ni G. Se ni so iliyopandishwa, basi ni G shapu, na kila aliyeimba tenori anajua se inavyoivutia sauti juu kwenda la, yaani A. Ukiandika A flati unamwambia mwimbaji hii ni la iliyoshushwa, ajiandae kushuka. Halafu noti inayofuata ni A! Nimeona tenori nzima ikisita hapo kwa sababu ya mwandiko tu. Tena kodi hujengwa kwa kuruka herufi moja: E, G, B. Ukiweka A, jicho haliioni kodi ya E.

Vidole10:
Naongezea. Bonyeza B, D, F, A flati, utue C maina. Sasa bonyeza vitufe hivyo hivyo, ila uviite G shapu, B, D, F, utue A maina. Vidole havijasogea, safari imebadilika. Na kwenye funguo za nyimbo ni hivyo hivyo: C shapu meja ina shapu 7, D flati meja ina flati 5 tu. Beethoven katika sonata yake ya Op. 27 namba 2, ya 1801, sehemu ya kwanza iko C shapu maina, ya pili akaiandika D flati meja. Alimwonea huruma mpigaji.

Fidla_Unguja:
Usawa huo ni wa kinanda cha leo, kilichogawa oktavu (toka C hadi C inayofuata) semitoni 12 zinazolingana, kila moja senti 100, kipimo kidogo cha urefu wa sauti. Katika mfumo wa zamani wa Ulaya uliotunza tatu safi (umbali wa C hadi E ulie bila kukwaruzana), A flati ilikuwa juu ya G shapu kwa senti kama 41. Baadhi ya ogani za Italia na Ujerumani karne ya 16 na 17 zilipasua kitufe hicho cheusi vipande viwili, kila noti na chake. Kwenye fidla kidole changu bado kinazitofautisha.

Kinanda_Moro:
Asanteni sana. Mama, nimefungua nakala ya solfa, ni "se" kweli. Na kwenye besi kuna "fe", yaani fa iliyopandishwa, inayokwenda so, nami niliandika G flati. Nairekebisha sasa hivi, mazoezi ni saa kumi na moja.