Mawakala wa mizigo, kwa nini mnatupakizia majembe na mikeka mkijua Australia haviingii hivi hivi?

Wakuu, salaam kwenu.

Nina hasira na nitaandika nikiwa nayo. Dada yangu amehamia Perth na familia yake, amepata kazi ya uuguzi kule. Mimi ndiye niliyebaki Dar kusimamia mzigo wao. Wakala tuliyempa kazi alikuja nyumbani mwenyewe, akazunguka sebuleni, jikoni, stoo, mpaka nyuma kwenye bustani, akapima kwa tepu na kuandika. Kila tulipouliza kama kitu fulani kinaruhusiwa, jibu lilikuwa moja: kinaenda, nafasi ipo. Mama yetu akamwuliza kwa mdomo wake kuhusu mikeka na kinu. "Vinaenda mama, usiwe na wasiwasi."

Leo mzigo uko ghalani Fremantle, bandari ya Perth, umefunguliwa, na dada anatakiwa achague kwa kila kilichozuiwa: kipigwe dawa, kirudishwe kilikotoka, au kiteketezwe. Yote matatu kwa pesa yake. Ukaguzi unalipiwa kwa muda anaotumia ofisa, ghala linalipiwa kwa siku, dawa nayo ina bei yake. Ukijumlisha, inakaribia ile tuliyolipia kusafirisha mzigo wenyewe.

Vilivyozuiwa ni hivi. Majembe na reki, kwa sababu udongo ulikauka pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Vyungu vya maua, udongo tena. Viti vya henzerani vya barazani. Mikeka ya ukindu aliyosuka mama. Mito ya sufi, ambayo ilikutwa na mbegu ndani yake. Ngoma ndogo ya mtoto yenye ngozi ambayo bado ina manyoya. Na kinu cha bibi, kwa sababu kina vitundu vya bungua na unga wake unadondoka ukikigonga. Mashine ya kukata majani nayo imeshikiliwa, majani makavu yameganda chini ya kisu.

Kuna kitu hapo ambacho mtu anayeishi kwa kazi hii hakijui? Udongo hauingii Australia. Mbegu haziingii hivi hivi. Magome ya mti, makapi, wadudu hai, haviingii. Sheria yao ya mwaka 2015 ya kulinda mimea na mifugo iko wazi, na mwenye mzigo anajaza fomu ya kutamka kama ana zana za bustani, vitu vya mbao, vya majani, vya ngozi. Wakala huyu aliishika hiyo fomu mkononi. Ndiye aliyemwonyesha dada pa kusaini.

Siwalaumu Waaustralia, na asije mtu hapa kusema ni roho mbaya. Sisi tunamjua dumuzi. Mdudu yule hakuwa wa kwetu, alitoka bara la Amerika, akaonekana Tabora miaka ya mwisho ya 1970, na wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi alivyokuwa anasaga mahindi ghalani. Mpaka leo mkulima wa mahindi ananunua dawa kwa ajili yake. Jimbo ambalo Perth iko ndani yake linalima ngano ya kuuza nje, na mwaka 2020 mdudu wa nafaka aitwaye khapra alikutwa Australia kwenye vifungashio vya friji mpya zilizoagizwa kutoka nje. Wana haki ya kugonga kinu chetu.

Ninayemlaumu ni anayelipwa kwa ujazo. Kila mita ya ujazo ni pesa yake, kwa hiyo hana faida yoyote kukwambia "hiki acha". Seti ya sofa inakula mita tatu na zaidi. Viti vya barazani haviingiani, vinabeba hewa tupu, nasi tumelipia ile hewa. Angekuwa mkweli kwa dakika kumi tu pale bustanini, angesema: vyungu wapeni majirani, majembe ya elfu kadhaa hayastahili kuvuka Bahari ya Hindi, viti viuzeni. Kama mnaitaka ile mashine ya majani, mwageni petroli na oili, mfungue kisu, mwoshe mpaka pembeni kwa brashi, mwianike. Mito toeni sufi, mbaki na foronya. Kwa kinu na mikeka angetuambia ukweli, kwamba vinaweza kupita vikiwa safi na vikavu bila mdudu, na kwamba hiki chenye bungua kitatakiwa kupigwa dawa. Mama angeamua mwenyewe kama kibaki kwake. Sasa anasubiri kusikia kama kitachomwa, na ni kinu alichoachiwa na mama yake.

Halafu ile orodha ya vifurushi! Ameandika "vitu vya bustani", "mapambo", "mchanganyiko". Boksi sita za mchanganyiko! Ofisa akikuta neno hilo hana njia ila kufungua kila boksi, na saa inahesabu. Tulimwandikia orodha ya kitu kwa kitu, daftari zima, hakuitumia. Na zile zana za bustani alizisambaza kwenye maboksi ya nguo ili kujaza mapengo, kwa hiyo mashuka ya watoto nayo yameingia kwenye mzigo wa kukaguliwa.

Jingine. Alimshauri dada akanunue vitu vipya Kariakoo kabla ya kuondoka kwa kuwa "kule bei kali". Mzigo wa mhamiaji unaingia Australia bila ushuru kama vitu umevimiliki na kuvitumia nje kwa angalau miezi 12. Jiko jipya na mashine mpya ya kufulia havina hata mwezi. Vinadaiwa ushuru, na ile kodi yao ya asilimia 10 juu yake. Jiko lenyewe ni la gesi, na kule fundi mwenye leseni halazimiki wala haruhusiwi kukuungia jiko lisilo na cheti chao. Limevuka bahari liwe meza.

Friji ya zamani ndiyo iliyokuwa salama, umeme wao ni volti 230 kama wetu, unabadilisha plagi tu. Hilo nalo hakulisema, na friji tuliiuza kwa hasara.

Mnaokwenda kwingine msidhani haya hayawahusu. Uingereza wanataka uwe umetumia vitu kwa miezi 6 na uombe msamaha wa ushuru kabla mzigo haujafika. Marekani na Canada umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 120, kwa hiyo pasi, birika, blenda na friji za hapa viacheni. Canada nao hawataki udongo hata chembe, na wanataka orodha ya mzigo utakaofuata nyuma ikabidhiwe siku unayoingia. Mtungi wa gesi, rangi na mkaa ni mizigo ya hatari popote pale, mtu asikubali vitiwe katikati ya magodoro yake.

Wakala anasema kazi yake iliishia bandarini Dar es Salaam. Mkataba wake una maneno "mlango kwa mlango" kwenye ukurasa wa kwanza na mhuri wake chini. Ninachotaka ni arudishe fedha za nafasi ya kila kitu kilichozuiwa baada ya yeye kutuambia kinaenda, na alipe saa za ukaguzi wa yale maboksi sita. Nimeshamwandikia, ananijibu kwa kuniambia nipunguze jazba.

Ninao mkataba, risiti, ile orodha kwa mwandiko wake, na jumbe za simu anaposema mikeka haina shida. TRA ndio wanaotoa leseni za mawakala wa forodha, na TASAC ndio wanaosimamia mawakala wa meli. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya mzigo wa nyumbani kwenye moja ya ofisi hizo, aniambie alianzia dirisha gani na aliombwa karatasi zipi. Jumatatu asubuhi nakwenda.