Naomba ushauri: hela ya eskro imerudi, nitumie au nitunze?

Wakuu habari zenu, hasa nyie wenye nyumba huku Marekani. Sisi tupo Texas, nyumba mpya tumenunua mwaka jana, sasa kampuni ya mkopo imetuma cheki ya dola 1,860 wanasema eskro, yaani ile akaunti wanayotuwekea hela ya kodi na bima ya nyumba, imezidi, na rejesho la mwezi limeshuka. Sawa, najua ziada ikifika dola 50 na hujachelewesha marejesho lazima wakurudishie ndani ya siku 30 baada ya kupiga hesabu. Kinachonitisha ni ile karatasi yao, kwenye mstari wa kodi ya kaunti wameweka kodi ya kiwanja kitupu, maana Januari 1 mwaka jana nyumba ilikuwa haijajengwa, na mwaka huu kaunti itatoza nyumba nzima, sasa si watatugeukia tuzibe pengo na rejesho lipae? Wife anataka tutume nyumbani mama aezeke, na kwa kweli hata mimi roho inataka. Je nikiwapigia warekebishe makadirio watakubali, au niiweke akiba pembeni mpaka bili ya kodi itoke mwezi wa kumi? Punguzo la kodi la mwenye kuishi kwenye nyumba yake tumeshaomba. Aliyepitia hii tafadhali aniambie alifanyaje.