Sakafu yenye mabomba ya maji ya moto: kwa nini chumba kinapitiliza joto?

Swali
Habari zenu, wanajukwaa. Nyumba yangu hupashwa joto kwa maji ya moto yanayopita katika mabomba yaliyolazwa ndani ya zege la sakafu. Themostati (kidhibiti joto) ya sebuleni nimeiweka kwenye nyuzi 21 za Selsiasi, nayo usiku hushuka hadi 17 ili kuokoa nishati. Asubuhi chumba huchelewa sana kupata joto, lakini mchana, jua likiingia dirishani, hufika nyuzi 24 ilhali pampu imekwisha kuzimwa. Je, ninunue themostati nyingine?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, yaelekea themostati yako ni nzima. Zege lenye unene wa sentimita 6 au 7 huhifadhi joto jingi, na huchukua saa kadhaa kupata moto au kupoa. Themostati inapoikata pampu kwa sababu hewa imefika nyuzi 21, joto lililokwisha kuingia ndani ya zege litaendelea kutoka tu, utake usitake.

Jambo la kuangalia ni joto la maji yenyewe. Katika nyumba iliyozuiwa vizuri upotevu wa joto, maji ya nyuzi 30 hadi 40 kwa kawaida hutosha. Faida ya maji ya uvuguvugu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani: uso wa sakafu ukiwa na nyuzi 24 na chumba nyuzi 21, joto hutoka kwa sababu ya tofauti ya nyuzi 3; jua likikifikisha chumba nyuzi 24, tofauti hiyo hutoweka na sakafu huacha kutoa joto yenyewe, bila kifaa chochote kuamriwa. Sakafu yenye nyuzi 28 haiwezi kujizuia hivyo. Kwa hiyo punguza joto la maji kwenye vali ya kuchanganyia (inayochanganya maji ya moto na yaliyopoa), na ikiwezekana ufungiwe kidhibiti chenye kihisi ukutani nje, ambacho huongeza joto la maji kadiri baridi ya nje inavyozidi. Huko kushusha nyuzi 4 kila usiku nakuomba ukuache, kwa kuwa zege huchelewa kupata moto tena asubuhi.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila tusisahau kilichotandikwa juu. Zulia zito huzuia joto, hivyo maji hulazimika kuwa ya moto zaidi. Mbao nazo zina kikomo chake, na watengenezaji wengi hawaruhusu uso wake uzidi nyuzi 27. Hapo kihisi cha ndani ya sakafu ni cha lazima. Kwa vyumba vya kukaa, kiwango cha Ulaya, EN 1264, huweka kikomo cha nyuzi 29 kwa uso wa sakafu.

Muulizaji
Nashukuru sana. Sakafu yangu ni ya vigae. Nitajuaje kwamba nimeshusha joto la maji kiasi cha kutosha?

Jibu la kwanza
Subiri siku za baridi, uiweke themostati juu ili isiikate pampu, kisha ushushe maji kwa nyuzi 2 na usiguse kitu kwa siku nzima au mbili, kwa kuwa zege halitakuonyesha matokeo mapema. Rudia mpaka chumba kifike nyuzi 21 kwa shida huku pampu ikizunguka karibu muda wote. Baada ya hapo rudisha themostati kwenye nyuzi 21 au 22, ibaki kuwa kinga ya siku za jua kali.