Jambia la afisa wa Kijerumani limeletwa kwangu Ujiji: nitajuaje kama ni lenyewe?

Mtoto wa Ujiji:
Wakubwa shikamooni, na wengine habari za leo. Nakusanya vitu vya enzi za Mjerumani: rupia, sarafu ndogo za shaba ziitwazo heller zilizogongwa Tabora 1916, vifungo vya sare. Sasa dalali mmoja wa Mwanga ameniletea jambia, anataka laki nane. Ala ni ya shaba ya njano yenye pete mbili. Mpini mweupe umezungushiwa waya uliosokotwa, na juu kabisa kuna taji. Bapa jembamba, lina nakshi ya nanga na meli ya matanga, ila karibu na mpini limeshika kutu. Dalali anaapa lilikuwa la Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa jeshi la Wajerumani huku wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wenye nalo ni familia moja ya Kibirizi, na wao wanasema tu babu yao alifanya kazi bandarini. Nimelipenda mno. Nianzie wapi? Na kutu niipige msasa?

Mzee wa Stesheni, Tabora:
Marahaba kijana. Msasa usiuguse! Ukishakwangua nakshi hairudi. Pangusa kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta ya cherehani kidogo, kisha lihifadhi nje ya ala, maana unyevu wa ziwa hujificha humo.

Habari za Lettow-Vorbeck achana nazo. Yeye alikuwa afisa wa nchi kavu, na wenzake walivaa upanga mrefu. Jambia unaloeleza ni la maofisa wa majini, na taji la namna hiyo lilianza 1901. Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, alipoondoka 1918, taji nalo likaondolewa. Yenye tai na swastika ni ya wakati wa Hitler: la jeshi la nchi kavu lilitoka 1935, la majini lenye tai 1938. Kigoma Wabelgiji waliichukua Julai 1916. Basi ukiletewa la tai ukaambiwa ni la vita ile, rudisha hapohapo.

Lako linanisisimua kwa sababu wanamaji walifika Kigoma kweli. Meli yao ya upimaji, Möwe, waliizamisha wenyewe Dar es Salaam Agosti 1914, na mabaharia wake chini ya Gustav Zimmer wakaletwa Kigoma. Reli ilikuwa imefika mwaka uleule. Ndio waliokuwa na meli ya Graf von Götzen, hii tunayoiita Liemba. Kwa hiyo neno la familia kuhusu bandari nalipa uzito kuliko kiapo cha dalali. Nenda ukakae nao, uandike babu aliitwa nani, alifanya kazi gani, nani alirithi. Wazee wakiondoka hutapata pa kuuliza.

Bi Rehema:
Mwanangu, kabla ya kutoa hela, huo mpini ni wa nini? Mengi ya wakati wa Kaiser yalikuwa na pembe ya ndovu. Pembe hapa ni nyara ya serikali, kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na "nilirithishwa" haitakusaidia kama huna kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ukaulize kwanza, jambia liache kwa wenyewe. Tena usilijaribu kwa sindano ya moto kama wengine wanavyofundisha. Ikiwa ni seluloidi, plastiki ya zamani, hiyo hushika moto upesi.

Mtoto wa Ujiji:
Asanteni sana. Nimerudi kulitazama juani. Chini ya bapa kuna alama ya vichwa viwili, cha mfalme na cha mtu wa kofia ya chuma. Mpini una vistari hafifu vya asili, haukulainika kama plastiki.

Mzee wa Stesheni, Tabora:
Hiyo alama ni ya Weyersberg, Kirschbaum & Cie, watengeneza panga wa Solingen, Ujerumani. Ila waghushi nao huigonga, kwa hiyo tazama taji kwa kioo cha kukuzia. Lililomiminwa kienyeji huwa na vitundu vidogo na kingo zilizofifia. Na hivyo vistari vya mpini vinanielekeza alikokuelekeza Bi Rehema.

Mtoto wa Ujiji:
Nimewaambia wenyewe wasimpe mtu mpaka nipate jibu la ofisi, na bibi wa nyumba amekubali. Dalali amekasirika. Jumamosi nakwenda kuandika habari za babu, bibi amesema kuna picha yake pia.